Hesabu ya Kichupa cha Asali

Athman Kupi alikuja na bahasha nyeusi,
karatasi nzito kama kadi ya arusi ya watu wenye nazo,
akaiweka mezani, kando ya madaftari yangu ya zamani.
"Mama mdogo, wewe ndiwe wa hesabu. Nisomee."

Nilifundisha hisabati miaka thelathini na mmoja.
Nazijua namba zinavyopenda kujificha nyuma ya kinyota.

Ukurasa wa mbele: pointi elfu sitini, zawadi ya makaribisho!
Athman alikwishampandisha mamake ndege ya Jeda.
"Umra ya bure," akasema. "Bure kabisa."

Nikachonga penseli.

Bure hiyo ina mlango, na mlango una komeo:
utumie laki nne na nusu ndani ya siku tisini;
ukipungukiwa shilingi mia, huna kitu.
Na siku zinahesabiwa tangu benki ilipokubali,
si tangu kadi ilipofika,
na kadi kufika Lamu ilichukua siku kumi na tisa,
nne katika hizo imelala Mokowe.
Kutoa pesa kwenye mashine hakuhesabiki.
Ada ya mwaka, elfu ishirini na tano, haihesabiki,
ila ukichelewa kuilipa, hapo ndipo huhesabika.

"Na riba?" akauliza kwa sauti ya mtu aliye msikitini.
Nikamwonyesha kwa ncha ya penseli:
lipa deni lote kabla ya tarehe tano, riba haikugusi.
Lipa kidogo kidogo, kama wanavyokubembeleza kwa herufi nene,
na itakugusa, na itakaa.

Langoni yote ina maduka matatu yenye mashine ya kadi,
na moja huificha chini ya gunia la mchele.
Basi Athman akawa kila mtu:
saruji ya Lali Famau, karo ya binti wa jirani,
jokofu la mgahawa wa Shela.
Wao wakimpa taslimu, yeye akitoa kadi.
Taslimu, ole wake, ina miguu.

Dada yangu Mwanaidi hakuigusa bahasha.
Alikuwa akichagua mchele. Akasema bila kuinua uso:

Kadi yako ni ya nani,
yako au ya benkini?
Kama yako, tia ndani;
kama yao, irejeze.

Siku ya themanini na nane zilibaki elfu sita.
Akanunua feni. Tulikuwa na feni tatu.

Pointi zikaja, elfu sitini kamili. Hawakusema uongo.
Jeda ilitaka elfu tisini na mbili,
na Ramadhani yote, na wiki mbili kila upande,
ilipakwa rangi ya kijivu.
Zilitosha Nairobi, watu wawili, kwenda na kurudi,
kodi za uwanja ujilipie.

Wakaenda kwa daktari wa macho.
Pale Manda kadi haikuwa na la kusema:
benchi ni benchi, la tajiri na la mbuzi wake.
Lakini Nairobi, wakirudi, ndege ilichelewa saa nne,
na mlango wa kioo ukafunguka wenyewe,
na mgeni mmoja huingia bila malipo.
Mwanaidi akavua viatu, akakalia kiti cha ngozi,
akala sambusa sita, akazikosoa zote sita,
akaswali Alasiri kwenye zulia lisilo na vumbi,
akaagiza chai mara tatu
kuona kama kweli hawataleta bili.

Alirudi na hadithi hiyo.
Habari za macho tulizisikia wiki iliyofuata.

Na alirudi na kichupa cha asali, sawa na kidole gumba.
Kiko rafuni, karibu na feni ya nne.
Nimekipigia hesabu nyuma ya ile bahasha:
ada ya mwaka, gawanya kwa kichupa kimoja.
Elfu ishirini na tano. Hakuna baki.
Hatujakifungua.

Mwezi ujao ada inarudi.
Athman anauliza aifunge kadi au aiache.
"Tukienda tena," anasema Mwanaidi, "nikaja na cha pili,
hicho si kitakuwa cha bure?"

Mwanafunzi akinijibu hivyo, ningemkata alama zote.
Nimeishika penseli tangu Adhuhuri.